Hodi Isiyoitikiwa: Lango la Mgonjwa Lijengwe Kuanzia Ndani

Mwaka jana, siku tatu baada ya mama yangu kutolewa damu katika hospitali moja binafsi jijini Dar es Salaam, iliingia meseji kwenye simu yangu kwamba majibu yake yako tayari mtandaoni. Nilikuwa nimemwandikisha kwa namba yangu kwa sababu yeye anatumia kitochi. Tulikaa sebuleni, nikaweka nywila, nikasubiri namba ya uthibitisho, nikaiweka nayo, na ukurasa ukafunguka ukiwa na mistari kumi na kitu ya maandishi meusi na mmoja mwekundu katikati: kreatinini, 118, na pembeni herufi H. Mama akavaa miwani, akaisogeza simu mbali kidogo na uso, akauliza, "Hii H ndiyo nini, mwanangu?" Nikamwambia maana yake kipimo kiko juu. "Juu ya nini?"

Sikuwa na jibu la kueleweka. Nilijua kwamba hicho ni kipimo cha figo, na kwamba mtu mwenye presha ya miaka mingi kama yeye hatakiwi kukipuuza, basi. Chini ya ukurasa palikuwa na kitufe cha kumwandikia daktari. Nikaandika sentensi tatu za adabu, na papo hapo mfumo ukajibu kwamba ujumbe wangu umepokelewa. Zikapita siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili tulikwenda wenyewe, tukapanga foleni, na daktari alipoutazama ule mstari kwa muda usiozidi nusu dakika akamuuliza mama swali moja tu: "Mama, kuna dawa nyingine unazonunua mwenyewe?" Zilikuwapo. Kwa miezi kadhaa alikuwa anameza diklofenaki, vidonge vya maumivu, za duka la dawa la mtaani kwa ajili ya goti, na dawa za jamii hiyo, hasa zinapokutana na baadhi ya vidonge vya presha, huweza kuipunguzia figo damu inayoipitia. Daktari akamwambia aziache na arudie kipimo baada ya wiki mbili. Katika zile siku kumi na moja za kungoja jibu, mama alikuwa anaendelea kuzimeza asubuhi na jioni, akiwa na amani kwamba hospitali inazo habari zake.

Siisimulii habari hii ili kuishtaki hospitali ile, ambayo kwa kweli ilifanya karibu kila linalotajwa kuwa sifa ya lango zuri la mgonjwa, yaani ukurasa wa mtandaoni ambamo mgonjwa huziona taarifa zake na kuwaandikia wanaomtibu: majibu yalitoka mapema, siri ililindwa, rangi nyekundu ilionya, na kitufe cha ujumbe kilikuwa mahali pake. Kosa liko kwenye fikra inayoyajenga malango haya, kwamba mtu hashughulikii afya yake kwa kuwa hajaziona taarifa zake, na kwamba akionyeshwa atashika usukani mwenyewe. Hoja yangu ni kwamba mtu hushika usukani anapoamini kuwa akisema jambo, upande wa pili yuko mtu atakayelifanyia kazi. Kwa hiyo lango linapaswa kusanifiwa kuanzia ndani: iamuliwe kwanza nani ataitikia hodi, baada ya muda gani na kwa mamlaka gani, ndipo yafuate mambo ya skrini na vitufe. Sisi tuliolelewa kwenye nyumba za hodi tunalijua hili bila kufundishwa, maana mgeni hupiga hodi mara tatu, na asipoitikiwa huondoka, hata kama mlango umepakwa rangi nzuri kiasi gani.

Waliotangulia katika jambo hili ni Wamarekani, na makosa yao yana faida kwetu. Hospitali ya Beth Israel Deaconess ya Boston iliwafungulia wagonjwa wake lango liitwalo PatientSite mwaka 2000, na baadaye MyChart ya kampuni ya Epic, yenye makao yake Verona katika jimbo la Wisconsin, ikaenea hospitali kwa hospitali. Sheria ya mwaka 2009 ilimwaga fedha nyingi kwa madaktari na hospitali zilizokubali kuhamisha mafaili kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye kompyuta, kwa masharti, na mojawapo ya masharti ya awamu ya pili lilikuwa kwamba zaidi ya asilimia 5 ya wagonjwa wawe wameingia mtandaoni wakaziona taarifa zao, wakazipakua au wakazituma kwingine. Asilimia 5 si mzigo mkubwa mtu akiitamka. Hata hivyo watoa huduma walilalamika kwamba wanaadhibiwa kwa tabia za wagonjwa wasizoweza kuzitawala, na mwaka 2015 sharti likashushwa hadi angalau mgonjwa mmoja. Nilipolisoma kwa mara ya kwanza nilidhani nimeruka neno. Nchi iliyotumia mabilioni ya dola kujenga milango ilifikia kuhesabu mafanikio kwa kuuliza kama yupo hata mtu mmoja aliyepita.

Haki inanitaka niseme pia kwamba kuona kuna faida yake. Mwaka 2010 hospitali hiyo ya Boston, pamoja na Geisinger ya Pennsylvania na Harborview ya Seattle, zilianza jaribio la OpenNotes, ambamo madaktari 105 walikubali wagonjwa wao zaidi ya 13,000 wayasome maelezo ambayo daktari huyaandika baada ya kumwona mgonjwa. Madaktari wengi waliingia kwa wasiwasi, wakihofia simu zisizokwisha na wagonjwa wenye hofu. Mwaka ulipokwisha, asilimia 99 ya wagonjwa waliojibu maswali ya watafiti walitaka utaratibu uendelee, na hakuna daktari hata mmoja aliyechagua kuufunga. Miongoni mwa waliokuwa kwenye dawa, asilimia 60 hadi 78, kulingana na hospitali, walisema wanazimeza vizuri zaidi kuliko awali. Nayaheshimu matokeo hayo, ila yana mambo mawili ya kuangaliwa. La kwanza, walijieleza wenyewe. La pili, walichokisoma kilikuwa kimeandikwa na daktari wanayemjua baada ya mazungumzo waliyokuwamo. Maelezo yale yalikuwa mwendelezo wa mazungumzo, tofauti kabisa na mstari mwekundu unaomfikia mtu sebuleni bila mtu wa kuueleza.

Kuna kejeli ndogo hapa ambayo siwezi kuipita. Mgonjwa wa Tanzania amekuwa akibeba maelezo ya daktari nyumbani kwake tangu zamani, kwenye daftari la kurasa 40 alilolinunua mwenyewe nje ya geti la zahanati, na mama mjamzito hubeba kadi yake ya kliniki kwenye mkoba pamoja na kanga. Kwa maana hiyo tulikuwa na milango wazi kabla ya Boston. Tatizo la daftari letu lilikuwa mwandiko, na lugha ambayo mwenye daftari haisomi.

Lango bora kuliko yote ninayoyajua, hata hivyo, halikuwa na ukurasa wala nywila. Kati ya mwaka 2007 na 2008, watafiti waliwaandikisha wagonjwa 538 waliokuwa wanaanza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI katika kliniki tatu nchini Kenya, zikiwamo za Pumwani jijini Nairobi na Kajiado. Nusu yao waliendelea na huduma ya kawaida. Nusu nyingine walipata, kila wiki, meseji fupi kutoka kliniki: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48, ama "Sawa" ama "Shida". Aliyejibu Shida alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki. Aliyekaa kimya alipigiwa pia. Utaratibu mzima ndio huo. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 62 ya waliopata meseji walisema wamezimeza dawa zao inavyotakiwa, ilhali kwa wenzao ilikuwa asilimia 50. Na kwenye damu, ambako hakuna awezaye kutia chumvi, virusi vilikuwa vimefubazwa kwa asilimia 57 ya waliopata meseji na asilimia 48 ya wasiopata. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2010.

Tulitazame neno lile, "Mambo?", kama fundi anavyotazama kiungo. Halitaji ugonjwa, halitaji dawa, halitaji hospitali, kwa hiyo shemeji akiiokota simu mezani anaona salamu tu. Halimfundishi mgonjwa chochote, wala halimhubirii. Linamtaka atumie nguvu ya kuandika neno moja. Zaidi ya yote, lilikihesabu kimya kuwa jibu, na hapo ndipo lilipoyapita malango yote niliyowahi kuyafungua, ambayo mgonjwa asipoingia miezi sita huhesabiwa tu miongoni mwa watumiaji wasio hai, kama laini ya simu iliyoachwa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na kwa mtu mwenye maradhi ya kudumu mshindo huo mara nyingi ni dawa zilizokwisha, nauli iliyokosekana, au mume aliyekataza.

Ningelirekebisha neno hilo kidogo kwa matumizi ya nyumbani kwetu. Kijana wa Nairobi anaweza kuulizwa mambo na asione kasoro, lakini mama yangu ana miaka 68, na meseji ya "Mambo?" kutoka hospitalini ingemfanya aulize huyu ni mtoto wa nani asiyejua kuamkia. Kwake ianze shikamoo. Na lipo jambo zito zaidi ndani ya salamu zetu, ambalo msanifu asiyezaliwa nazo hawezi kulikisia: kanuni ya Kiswahili ni kwamba hujambo hujibiwa sijambo, hata na aliyelala kitandani na dripu mkononi, na shida hufuata baadaye, nyuma ya neno "ila" au "lakini". Mgonjwa wa Pwani akiulizwa hali ataandika "Namshukuru Mungu", na kompyuta itamweka kwenye kundi la wazima. Ndiyo maana neno Shida lililowekwa mezani tangu mwanzo, kama jibu halali lenye uzito sawa na Sawa, lilikuwa na thamani kubwa, kwa sababu lilimpa mtu ruhusa ya kuruka adabu. Mfumo wowote wa Kiswahili unaouliza hali ya mtu unapaswa kumpa ruhusa hiyo waziwazi, na pia umsikilize anayeandika "nzuri kiasi", kwa kuwa kila nesi anajua kwamba huyo si mzima.

Jaribio la pili la Kenya linatuonya dhidi ya kuzidisha. Katika kituo cha afya cha Chulaimbo, magharibi mwa nchi, wagonjwa 431 wa dawa hizo hizo waligawanywa: wengine hawakupata meseji, wengine walizipata kila siku na wengine kila wiki, baadhi fupi na baadhi ndefu zenye maneno ya kutia moyo. Mwishoni mwa wiki 48, asilimia 53 ya waliokumbushwa kila wiki walikuwa wamefikia angalau tisa ya kumi ya dozi zao, ikilinganishwa na asilimia 40 ya wasiokumbushwa. Waliokumbushwa kila siku hawakuwashinda wasiokumbushwa kabisa, na maneno ya kutia moyo hayakuongeza kitu. Natamani ripoti ile ibandikwe ukutani katika kila ofisi inayotengeneza programu za afya, maana tabia ya wengi wetu tukitaka watu wajitunze ni kuongeza kengele, na kengele inayolia kila siku huwa kama mnada wa mtaani, ambao mkazi husikia bila kusikiliza. Wale wanaotunga maneno ya kutia moyo ninawaonea huruma zaidi. Hakuna mtu mzima aliyewahi kumeza kidonge kwa sababu kompyuta imemwambia hongera.

Mtu anaweza kusema kwamba mifano hii ni ya UKIMWI, maradhi yenye kliniki zake, wafadhili wake na nidhamu yake. Basi tuje kwenye presha, ambayo iko karibu kila nyumba na haina mfadhili wa kueleweka. Mwaka 2017 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya majaribio mengi ya watu kujipima presha wenyewe nyumbani, na jibu lake lilikuwa la wazi kuliko kawaida ya machambuzi ya aina hiyo: kujipima peke yake, bila kingine, hakukushusha presha, lakini kujipima kulikoambatana na msaada wa karibu wa muuguzi, mfamasia au daktari kuliishusha namba ya juu ya presha kwa milimita 6 hivi za zebaki. Mwaka uliofuata, jaribio la Uingereza lenye wagonjwa 1,182 lilionyesha kwamba madaktari walipotumia namba za nyumbani kupandisha au kubadilisha dawa, wagonjwa wao walifikia wastani wa 136 hadi 137 kwa namba ya juu, wakati wenzao wa huduma ya kawaida walibaki kwenye 140. Waliotuma namba kwa simu na walioziandika kwenye karatasi na kuzituma kwa posta walifikia karibu mahali pamoja baada ya mwaka. Posta! Waliotumia simu waliwahi kidogo kushuka, sikatai, lakini kilichofanya kazi ni kwamba upande wa pili kulikuwa na mtu aliyezisoma namba zile akiwa na kalamu ya kuandikia dawa.

Haya hayana maana kwamba sura ya ukurasa ni jambo la mapambo. Mama aliuliza juu ya nini, na swali lile ni la usanifu. Kadi ya kliniki ya mtoto ilikwisha kulijibu zamani. Mchoro wa ukuaji ambao daktari David Morley aliuendeleza akiwa kijijini Imesi-Ile, Nigeria, ulizunguka dunia, na katika kadi za Tanzania mstari wa uzito wa mtoto ulipita kwenye kijani, kijivu na nyekundu. Mama asiyejua kusoma aliuona mstari ukilala, akajua mwezi huu mwanawe hakuongezeka, kabla nesi hajasema neno. Kadi ile ilimwonyesha mwendo. Malango ya leo yanampa mtu namba moja ya siku moja, pembeni yake mipaka ya kawaida ya maabara, na herufi ya Kiingereza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walijaribu kuziweka namba za aina hiyo juu ya mstari, kisha wakaweka alama inayosema, kwa tafsiri yangu, kwamba madaktari wengi hawana wasiwasi mpaka kufikia hapa. Alama hiyo moja ilipunguza hofu isiyo na sababu kwa watu ambao namba zao zilikuwa nje kidogo tu ya mipaka. Kwa mama, 118 ingesomeka tofauti kama ingekaa kwenye mstari pamoja na vipimo vyake vya miaka miwili iliyopita. Na kama maabara ingekuwa inatumia vizio vya upimaji vya Marekani, namba ile ile ingeandikwa 1.3, kama vile sukari ya 7.8 kwenye maabara moja inavyoweza kuwa 140 kwenye nyingine, na mgonjwa anayehama hospitali akadhani sukari yake imepanda mara kumi na nane.

Kisha kuna lugha. Kutafsiri vitufe ni kazi ya alasiri moja, lakini majibu yenyewe yana mitego. Kwa Kiswahili cha kila siku chanya ni jambo jema na hasi ni jambo baya, kwa hiyo mtu anayeandikiwa kwamba majibu yake ya malaria ni hasi anaweza kushtuka, na anayeandikiwa chanya akafurahi. Nesi mzoefu hasemi hivyo hata siku moja. Husema, "Hatukukuta vijidudu vya malaria." Lango liandike kama nesi yule anavyosema.

Je, majibu mabaya yazuiwe mpaka daktari ayaone? Marekani wameamua la. Tangu Aprili 2021 kanuni zao zinataka majibu yamfikie mgonjwa bila kucheleweshwa, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 2023 watumiaji wa malango zaidi ya 8,000 waliulizwa, na takribani asilimia 96 walitaka yawafikie mara moja hata kama daktari hajayaona, japokuwa waliopata majibu yasiyo ya kawaida walikiri wasiwasi zaidi. Nakubaliana nao. Kumficha mtu habari za mwili wake ni kumdharau. Lakini kila jibu lililo nje ya mipaka litoke likiwa limeshikana na hatua ya pili: nani atakupigia, lini, na wakati unangoja uache nini. Kwa mama, sentensi moja ya kumuuliza kama anatumia dawa za maumivu, iliyoandikwa mara moja na kuwekwa kwenye kila kipimo cha kreatinini kilichopanda, ingemwokolea siku kumi na moja za diklofenaki. Kumbuka pia kwamba habari iliyokuwa na thamani kubwa kuliko zote siku ile haikuwa kwenye maabara. Ilikuwa kwenye mkoba wa mama, na lango halikuwa na mahali pa kuiandika.

Pingamizi kubwa ninalijua, na wauguzi wamekwisha kuniambia bila kupepesa macho: nani ataitikia hizo hodi, na mshahara wake unatoka wapi? Marekani kwenyewe, ujumbe wa wagonjwa kwa madaktari uliongezeka mno wakati wa UVIKO-19 na haukurudi ulikotoka, kiasi kwamba hospitali kadhaa, ikiwamo Cleveland Clinic kuanzia Novemba 2022, zilianza kutoza baadhi ya majibu yanayohitaji uamuzi wa daktari. Huko daktari hujibu meseji usiku akiwa nyumbani kwake. Kwetu, ambako daktari mmoja anakabili foleni inayofika getini, kumwekea kisanduku cha ujumbe bila kumwondolea kitu kingine ni kumtungia mgonjwa uongo. Kwa sababu hiyo nasema kitufe kisiwekwe kabisa pale ambapo hakuna mtu wa kujibu. Iandikwe wazi kwamba hapa hakuna anayesoma, piga namba hii au njoo. Hiyo ni heshima zaidi kuliko "ujumbe wako umepokelewa".

Lakini pingamizi hilo linadhani kwamba hodi zote ni za daktari. Utaratibu wa Nairobi uliokoa muda kwa kuwa wenye Sawa hawakuhitaji simu, na mhudumu alibaki na orodha ya wenye Shida na walionyamaza, watu ambao pengine wangemrudia miezi sita baadaye wakiwa hoi. Nesi mmoja mwenye mamlaka ya kubadilisha tarehe ya kurudi kliniki, kuagiza kipimo kirudiwe na kumfikishia daktari yale machache yanayomhusu anaweza kuwaangalia watu wengi wa presha na sukari. Zipo hospitali zinazomlipa mtaalamu wa kompyuta kutengeneza toleo jipya la programu kila mwaka ilhali nafasi ya nesi huyo haipo kwenye muundo wao. Hapo ndipo ninapoona fedha zimekosea njia.

Liko pia suala la nani hasa anaingia langoni. Malango yamebuniwa kwa mtu mmoja, simu moja, barua pepe moja, siri moja. Mgonjwa wetu huja na msindikizaji, dawa hununuliwa na mtoto aliye Muscat au Leicester, na majibu husomwa na mjukuu aliye kidato cha tatu. Lango lisiposajili watu hao waziwazi, kila mmoja kwa kiwango chake, watatumia nywila ya mgonjwa, kama nilivyofanya mimi, na hapo sheria nzuri tulizonazo, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, kuhusu ulinzi wa taarifa binafsi hubaki kwenye makabati. Mama angependa nione kreatinini yake. Sina hakika kama angependa nione kila kitu, na hakuna aliyemuuliza.

Wala tusijifariji kwamba watu wetu hawajazoea teknolojia. Muuza mihogo asiyemaliza darasa la saba hubonyeza *150*00# ya M-Pesa kila siku, hupita menyu baada ya menyu, huweka namba ya siri kwa mgongo wa mkono, na hutuma fedha zake zote za wiki kwa mtu asiyemwona. Anafanya hivyo kwa sababu kila anachokibonyeza kinaleta meseji iliyothibitishwa, yenye kiasi, jina na salio, na kwa sababu meseji isipokuja anajua wakala wa kumfuata yuko kwenye kibanda kipi. Hospitali inayosema wagonjwa hawaingii langoni ijiulize kama inayo meseji ya namna hiyo, na kibanda cha namna hiyo.

Siku hizi mama anahudhuria kliniki ya presha kwenye kituo cha afya cha serikali kilicho karibu na kwao, na figo imetulia. Hakuna lango. Kuna daftari la kurasa 40 lenye safu tatu alizozichora kwa rula: tarehe, asubuhi, jioni. Mwezi uliopita nilimsindikiza. Nesi, dada mdogo kuliko mimi kwa miaka kumi hivi, alimwamkia, akalifungua daftari, akateremka nalo kwa kidole mstari kwa mstari, na kwenye namba mbili zilizoruka akazungusha duara kwa kalamu nyekundu.

"Mama, hizi siku mbili ulikuwa na nini?"

"Tulikuwa na msiba, mwanangu. Dawa niliziacha nyumbani."

Nesi akaandika "msiba" pembeni ya duara, akamwacha kwenye dozi ile ile, na akamwambia akisafiri tena afunge vidonge vya siku tatu kwenye pindo la kanga.